Bangili ya Furaha

Zama hizo, abiria wa meli ya starehe hakuruhusiwa kushuka kabla bangili aliyovishwa haijathibitisha kwamba amefurahi kiasi cha kutosha. Bi. Nakijwa alilelewa kukataa chakula cha ugenini mara ya kwanza, na kukipokea anapobembelezwa. Kwa hiyo juma zima alisema, "Nimeshiba, ahsanteni," na bangili ikamwamini, isimhesabie furaha yoyote.

Meli ilipotia nanga Tanga, mumewe alikwisha kuvuka lango.

"Cheka, Mama Apaikunda!" alimwita kutoka gatini. "Mtoto ameshikwa na uchungu wa uzazi, anakuita wewe!"

"Nicheke nini, baba, na mwanangu yu katika hali hiyo?"

Hata hivyo alicheka, akacheka hata machozi yakamlenga. Bangili ikabaki nyekundu.

Mhudumu aliinama kwa adabu. "Usihuzunike, mama. Tumekuongezea safari."

Ngazi ikavutwa, muziki ukaanza. Ajuza mmoja asiye na meno aliacha kucheza, akamshika mkono.

"Njoo tucheze, mwanangu," alisema kwa upole. "Mimi nilipanda humu nikiwa bibi harusi."