Kengele ya Mbalamwezi

Tangu Chama cha Taifa cha Wafugaji kianze kuwaita ng'ombe wote wa nchi kwa sauti moja, iliyotoka katika kengele ya shingoni, Mbalamwezi, ng'ombe wa Bi Tumpale, hakushusha maziwa kwa sauti nyingine. Leo kengele ilikuwa kimya kwa siku ya pili. Kiwele kilikuwa kimevimba, na ndani ya nyumba mjukuu wake bibi huyo, Lusekelo, mgonjwa asiyeweza kumeza ila maziwa, hakuwa ametia kitu tumboni.

Bi Tumpale akauimba wimbo wake wa zamani wa kukamulia. Ng'ombe akamtazama kama mgeni.

"Hata wewe? Si nilikuzalisha kwa mikono hii?"

Alikwisha kupiga simu kwenye Chama. "Subiri, mama," walimjibu kwa upole. "Sisi ndio tunaokusemea."

Akakaza koo, akaiga sauti ya kengele, laini, isiyo na lafudhi ya Rungwe wala ya kwingineko. "Njoo, mama wa taifa. Toa."

Maziwa yakachuruzika ndooni.

Akakimbilia ndani na kikombe. "Kunywa, baba."

Lusekelo akajikunyata ukutani. "Bibi yuko wapi?"

"Ni mimi, mjukuu wangu," akajibu, na kule zizini Mbalamwezi akaitika.