Chumvi Ndani ya Chupa

Zawena aliweka chumvi kwenye kifuniko cha soda, akaidondoshea maji mpaka ikawa kama mchanga mbichi. Akakitumbukiza kifuniko ndani ya chupa yenye mdomo mpana, pamoja na kipima unyevu chake, akafunga. Ndivyo kaka yake Kitwana alivyomfundisha: ndani ya chupa kama hiyo, kipima kizima husoma sabini na tano.

Hadi adhuhuri chake kilikuwa kimesimama kwenye sitini.

Nyuma yake lilikuwepo gunia la karanga za mbegu. Msimu mzima kidude hicho kilimwambia kwamba ghala ni kavu, naye akaamini. Sasa karanga zote zilikuwa na ukungu wa kijani.

Kitwana aliingia akitafuna muwa. "Bado unahangaika na hicho, dada?"

"Kinasoma sitini."

"Labda chumvi yako imechoka."

Zawena hakucheka. Alikitoa kipima, akabandua utepe mweusi ili atazame nyaya. Chini ya utepe, kwa mwandiko wa Kitwana, palikuwa pameandikwa: Pungufu 15.

"Ulikipima kabla hujanipa," alisema.

Kitwana aliacha kutafuna. "Vilikuwa viwili, Zawena. Kizima kimoja tu. Nami nina uyoga wangu unaotaka unyevu sahihi."

"Ungeniambia. Ningejumlisha."

Zawena alikirudisha kipima ndani ya chupa, lakini hakufunga. Akaisogeza chupa mezani mpaka upande wa kaka yake.

"Kalete chako, nacho tukipime humu."

Chumvi ilianza kukauka pembeni, na Kitwana alikuwa bado amesimama palepale, muwa mkononi.