Tembo wa Panyabuku

Palikuwa na Panyabuku mmoja, mkusanyaji wa sarafu za kale na nishani za vita. Aliyoipenda kuliko zote ni sarafu ya shaba yenye picha ya tembo. Kila Ijumaa rafiki yake Kakakuona, mkusanyaji mwenzake, alikuja kuitazama. Akishaondoka tu, Panyabuku huingiwa na shaka: "Pengine ameniachia ya bandia!" Basi huisugua kwa majivu na kitambaa mpaka tembo ang'ae, ndipo roho imtulie.

Miaka ikapita. Ijumaa moja akasugua, tembo asionekane. Akamkimbilia rafiki yake, kitambaa kikiwa bado mkononi.

"Mwizi wee! Tembo wangu yuko wapi?"

"Hebu nipe hicho kitambaa, ndugu yangu." Kakakuona akakikung'uta, vumbi la shaba likamwagika. "Tembo wako huyu hapa. Umemsugua mwenyewe mpaka ameisha."

Panyabuku akalia kwa aibu. Kakakuona akamwonea huruma, akampa sarafu yake mwenyewe, nyeusi kwa ukale, tembo wake mzima.

Panyabuku akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Lakini njiani akaanza kuwaza, "Mbona amenipa bure?"

Alipofika nyumbani, akatafuta majivu.