Adeer wa Salat

Osob aliapa kwa mara nyingine, mbele ya Yurub, mama yake Salat, kwamba yule mwanamume hakukosea hata jina moja.

"Alisema ni adeer yake, ndugu wa baba yake," alisema. "Nikamtaka ushahidi. Akanihesabia mababa wa Salat mmoja baada ya mwingine, mpaka mimi ndiye niliyechoka. Wallahi, mama, hata wewe ungempa mtoto."

"Nisingempa," alisema Yurub.

Jua lilikuwa linashuka, na uwanja wa kambi ya likizo ya watoto, mtaa wa Waberi, ulikuwa mtupu. Watoto wengine wote walikwisha kuchukuliwa. Vilibaki vikombe vya sharubati na kipaza sauti juu ya meza. Salat, mwenye miaka sita, alikuwa ameondoka tangu mchana, kashikwa mkono na mtu asiyejulikana. Mababa aliwataja wote. Jina lake yeye mwenyewe, Osob hakukumbuka kuliuliza.

Kosa lilikuwa lake na alilijua. Alikuwa ametoka Banissa kuja Garissa likizo hii ya Agosti kwa ajili ya kazi ya kuangalia watoto kambini, kazi yake ya kwanza, na mjini hapa hakuwa na jamaa hata wa kumwazima sufuria. Sheria ya kambi ilikuwa moja: mtoto huchukuliwa na aliyemleta. Lakini huko kwao, anayekutajia baba zako bila kubabaika ni mtu wako, na ukimfungia mlango umemtukana yeye pamoja na waliozikwa. Angemwambia nini? Akalete barua ya chifu?

Tena mambo hayo ya ukoo ndiyo yaliyompa Osob sifa kambini. Yeye ndiye aliyeanzisha mtindo wa kila mtoto kushika kipaza sauti kabla ya sharubati na kuhesabu mababa zake. Wazazi walifurahi mno. Watoto wa mjini, walisema, wanawajua wachezaji wa Ulaya kuliko babu zao. Salat ndiye aliyekuwa hodari kupita wote. Sauti yake ilivuka ukuta ikawafikia wauza miraa ng'ambo ya barabara, nao wakampigia makofi. Kwa hiyo yule mwanamume aliposimama langoni na kuyamwaga majina, yakalingana moja kwa moja na yale ambayo masikio ya Osob yalikwisha kuyazoea, moyo wake ulitulia. Hata Salat aliposita, mtu huyo alicheka tu. "Amenisahau," alisema. "Nimekaa Nairobi muda mrefu."

Sasa alivikusanya vile vikombe mezani, kimoja ndani ya kingine.

"Ametumwa na baba yake," alisema Yurub. Yeye na Abdiwahab, baba yake Salat, walikuwa wameachana kwa maneno makali. Abdiwahab alikuwa safarini Griftu akinunua ngamia, na simu yake haikupatikana siku nzima. "Alisema atamchukua mwanawe, na amemchukua."

Polisi nao walisema hivyo hivyo. Osob na Yurub walikuwa wamekwenda kituoni alasiri, na afisa akawasikiliza na kalamu mkononi bila kuandika neno. "Mama, hayo ni ya nyumbani," aliwaambia. "Mtu wa ukoo amechukua mtoto wa ukoo. Damu ni nzito kuliko maji. Kaeni na wazee."

Osob, Mungu amsamehe, alifarijika kusikia vile. Aliyashika maneno hayo na hakutaka kuyaachia. Atasutwa, atafukuzwa kazi, atarudi Banissa na aibu yake, sawa. Lakini Salat atakula chakula cha jioni na kulala kwa watu wake. Aliomba iwe hivyo. Aliomba Abdiwahab awe mbaya kama Yurub alivyomsema, hata zaidi, mradi tu awe ndiye.

Lango liligongwa. Mzee Olow, baba yake Abdiwahab, aliingia akihema kwa kutembea kutoka upande wa pili wa mji. Yurub hakumpa hata salamu iliyokamilika.

"Mtoto wangu yuko wapi, mzee?"

"Nami nimekuja kuuliza hilo hilo. Kwangu hayupo. Wanangu nimewauliza, na kila mmoja ananiapia." Aliketi kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kifuani. "Lakini pengine yupo anayenidanganya. Binti, huyo mtu alihesabu vipi? Sema kama alivyosema yeye. Usiongeze, usipunguze."

Osob alikuwa na kichwa cha kushika majina. Kwao walimsifu kwa hilo tangu utotoni. Alifumba macho.

"Salat wa Abdiwahab, wa Olow, wa Mahat, wa Duale, wa Samatar, wa Egal..."

"Ngoja. Rudia, pole pole."

Alirudia.

"Guhad yuko wapi?" aliuliza mzee.

"Guhad?"

"Duale ni mwana wa Guhad. Guhad ndiye mwana wa Samatar. Wanangu wote nimewachapa fimbo kwa jina hilo, na hakuna awezaye kulisahau."

"Mzee, hakulitaja. Nina hakika. Labda ni haraka tu." Osob alimgeukia Yurub amsaidie.

Yurub alikuwa amekaa chini mchangani, na hasira yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Katika ukoo wote," alisema, "anayemruka Guhad akihesabu ni Salat peke yake."