Chumvi Kumi na Nne

Chumvi ilikuwa imeshuka hadi gramu ishirini na tano kwa lita, na samaki bado walikuwa wakijikuna mchangani kama mbwa wenye viroboto. Kisa aliinama mbele ya tangi la kioo, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika simu. Miguu ilimvimba hadi ndala zikakataa kuingia.

"Toa ndoo moja, weka ndoo moja ya maji ya mvua," alisema baba yake, Mzee Eliud, kutoka hospitalini Mbeya, kikohozi kikimkatiza. "Polepole. Kesho ishirini, keshokutwa kumi na nne. Samaki atavumilia. Hicho kidudu kilichomganda hakiwezi. Kitajaa maji kipasuke."

"Sawa, baba."

"Karani anakula?"

Karani alikuwa yule wa rangi ya machungwa, mwenye mistari mitatu myeupe. Mzee Eliud alifundisha mambo ya samaki Tanga miaka ishirini na miwili. Alipostaafu alirudi Matema na samaki sita wa baharini, akawaweka sebuleni, hatua mia kutoka ziwa lisilo na chumvi hata chembe. Watu walimcheka. Yeye akampa kila samaki jina lake. Sasa miili yao ilijaa vidoadoa vyeupe, kama waliomwagiwa sembe.

"Anakula," Kisa alisema. "Kidogo."

"Ndaga, asante, mwanangu."

Siku mbili baadaye simu haikupokelewa. Jioni ukaja ujumbe: "Pumzi hainitoshi kuongea. Tuandikiane. Kaka yako Angetile yuko nami."

Kisa akaandika: "Sawa, baba. Leo imefika kumi na nne."

Hakuhisi kitu. Aliacha kuhisi tangu mimba ya pili ilipoharibika. Hii ya tatu aliibeba kama mtu aliyetwishwa mzigo wa mwenzake, asiye na haki ya kuuliza ndani mna nini. Mwezi wa nane huo, na presha iko juu. Muuguzi alimwambia alale, asisafiri popote. Kisha akamvuta Shangazi Prisca pembeni, akaongea naye kwa sauti ya chini.

Shangazi Prisca, dada yake Mzee Eliud, ndiye aliyekuja kumtunza. Juma hilohilo aliaga kwenda Busale, kijijini kwao, kutazama mpunga wake, akamwacha Kisa na jirani. Siku iliyofuata mtaa mzima ulinyamaza. Kisa akadhani watu wamekwenda gulioni. Shangazi alirudi siku ya tatu, sauti imemkauka.

"Vumbi la mpunga," alisema, akapitiliza jikoni.

Majirani wakaanza kupita. "Pole, Kisa. Pole sana." Walikaa ukingoni mwa viti, wakatazama samaki, wakaondoka. Mchungaji naye alikuja, akaomba muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisa aliwaitikia wote, "Nimeshapoa." Mimba mbili zimemtoka, ya tatu inamvimbisha, nani asimpe pole?

Maelekezo ya baba yalikuja kila asubuhi, yamenyooka kuliko hata alipokuwa akiongea. "Chumvi isizidi kumi na nne kabla wiki nne hazijatimia. Vidudu vingine vimejificha mchangani, vinangoja. Konokono na mawe vibaki kwenye pipa lenye chumvi kamili." Mara moja aliuliza: "Yule wa rangi ya machungwa amekula?"

Kisa aliusoma ujumbe ule mara mbili. Ugonjwa unasahaulisha hata majina, akawaza. Akajibu: "Amekula."

Wiki ya pili vidoadoa vilianza kudondoka. Ya tatu, samaki wakaacha kujikuna. Ya nne ilipotimia, alimkuta Karani akikimbizana na wenzake, ngozi inang'aa kama chungwa lililofutwa vumbi. Kisa akakaa kwenye kigoda, akamtazama, akangoja furaha ije. Haikuja. Aliandika tu: "Wamepona wote sita."

Jibu lilichelewa siku nzima. "Asante sana. Sasa pandisha chumvi, mbili kila siku. Usiharakishe."

Ilipofika thelathini na mbili, uchungu ukaanza.

Mtoto alizaliwa saa nne asubuhi, hospitalini palepale Matema, wa kiume, akilia kwa hasira. Walipomlaza kifuani pa mama yake, kitu kikamchoma Kisa mahali alipodhani pamekufa, na machozi yakatoka yenyewe. Angetile alifika baadaye kidogo, akasema amepanda gari la alfajiri kutoka Mbeya. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Shangazi Prisca alikuwa kando yake.

"Baba hajambo?" Kisa aliuliza.

Angetile akamtazama muuguzi, aliyekuwa akisoma kipimo cha presha.

"Imeshuka," muuguzi alisema. "Sasa iko vizuri."

"Ngoja nimwambie mwenyewe." Kisa akachukua simu, akaandika kwa kidole gumba: "Ni mvulana, baba. Ataitwa Eliud. Upone haraka uje umwone." Akatuma.

Simu ikalia mfukoni mwa Angetile.

Hakuitoa. Shangazi Prisca akamchukua mtoto, akampa muuguzi, akajifunga kanga kiunoni, akaangua kile kilio alichokibana kooni kwa wiki tano, tangu siku walipomzika kaka yake Busale.