Nimekulikiza Mwana

Mtangazaji aliingia studio akiwa amekumbatia faili kifuani, na hakuliweka chini mpaka alipoketi. Blauzi ilikuwa imelowa tena. Ilikuwa siku ya tatu tangu amwachishe mwanawe ziwa, maana zamu mbili kwa siku na mtoto wa kunyonya haviendi pamoja. Mtoto alikuwa nyumbani na shangazi, yuleyule aliyemlea mtangazaji mwenyewe tangu mama yake alipofariki.

“Hujambo lakini?” aliuliza mwalimu mstaafu, mgeni wake wa kila wiki katika kipindi cha ushairi.

“Nimechoka tu, mwalimu.”

Fundi mitambo aliwapa ishara. Mtangazaji akavua viatu chini ya meza, akasoma shairi lililoletwa na msikilizaji asiyetaja jina:

Nimekulikiza mwana, jino la pili hakuna,
Mbeleko nampa wifi, mgongo nguvu hauna,
Nakuacha mchagoni, usingizi umefana.

Mwalimu alianza na maneno, taratibu, kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki. Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Mchago ni upande wa kitanda unapolazwa kichwa.

“Sasa tuje kwenye maana,” alisema. “Huu usingizi ni mauti. Mtoto amekufa. Mbeleko inatolewa kwa sababu hakuna tena wa kubebwa.”

Mtangazaji alikibana kwa kiwiko kifua kilichokuwa kinamuuma. “Lakini mtoto aliyekufa halikizwi, mwalimu. Mama akisema nimekulikiza, mtoto bado analilia ziwa.”

“Hiyo ni lugha ya kishairi.”

“Na wifi je?”

“Wifi kaingizwa kujaza mizani.”

Mtangazaji hakuwa na nguvu za kubishana. Siku nyingine angemchokoza mzee wa watu mpaka acheke mwenyewe. Leo alifungua tu laini za simu, na ya kwanza ikaita papo hapo.

“Karibu, mama. Una maoni gani?”

“Mwalimu kakosea,” ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, bila haraka. “Hapo hakuna aliyekufa. Mtoto kalala, mama ndiye anayeondoka. Alikuwa amechoka, mwanangu, na hakuwa na wa kumwambia. Baadaye mtoto akaambiwa mama yake kafa. Ikawa rahisi kwa wote.”

Mwalimu alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi.

“Mbona unaeleza kama mtu aliyekuwepo?” aliuliza mtangazaji.

“Shairi ni langu.”

Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, aliinua vidole viwili. Mtangazaji aliisogelea maikrofoni na kuuliza kile ambacho msikilizaji yeyote angetaka kukijua.

“Na yule mtoto, mama? Aliishia wapi?”



“Amekua. Namsikiliza redioni kila siku. Leo sauti yake imechoka.”