Koo la Radi

Radi alimpokonya mama yake soda ya baridi, akaigugumia yote kwa mkupuo mmoja, barafu na kila kitu, akacheua. Moyo wa Masikio, fundi wa sauti, ukashuka mpaka kwenye soli za viatu.

"Kaka, si unaingia kuimba sasa hivi?"

"Mama hanywi baridi," Radi akajibu, kana kwamba hilo ndilo aliloulizwa. Akakaa. Akasimama. Akakaa tena.

Masikio alikuwa na kila sababu ya kuhangaika. Kutu, albamu ya kwanza na ya mwisho ya bendi ya muziki mzito wa metali ya akina Radi, ilikuwa inatolewa upya. Mlio wa kila ala Masikio alikuwa ameshausafisha na kuuchanganya upya mwenyewe. Uliobaki ni wimbo wa nyongeza, wa tisa, ambao haukuwahi kusikika popote. Gitaa zake zipo. Ngoma zipo. Sauti ndiyo haipo, kwa sababu siku ya kuirekodi, enzi hizo, koo lilishikwa na mafua na kanda ikafungiwa kabatini ikiwa bubu. Na kesho kazi inakwenda kiwandani kufyatuliwa santuri. Wimbo wa tisa ukikosa sauti leo, umezikwa.

Sauti yenyewe sasa! Masikio aliisikia mara ya kwanza akiwa bado mvaa kaptura, kwenye redio ya kinyozi, akadhani kuna mtu anachinjwa na anaona raha. Kinyozi akaruka kuzima redio, akamwachia mteja kipara cha upande mmoja. Masikio akaamua palepale kazi atakayoifanya ukubwani. Wapo waliosema ile ni mashine, wapo walioapa kwamba Radi hutafuna changarawe kabla ya kuimba. Kumwona akiimba, hakuna aliyemwona. Jukwaani hakuwahi kupanda. Leo mguu umeteguka, kesho kuna msiba, keshokutwa ndoto mbaya, mpaka wenzake wakamchoka na bendi ikasambaratika.

Masikio naye alikuwa amezungushwa hivyohivyo majuma mazima. Leo ndipo Radi akatokea, jasho likimtiririka, kamshika mkono mama yake, kibibi mwepesi kama gazeti la jana, shingo imezongwa skafu na joto lote lile. Masikio akampa shikamoo, akaitikiwa kwa kichwa. Radi akaeleza kwamba wametoka kliniki na asingeweza kumwacha nyumbani peke yake. Masikio akajisemea kwamba mtu mwenye sauti ya jehanamu kumbe ana moyo wa yaya.

Akaucheza ule wimbo ili Radi aingie kwenye mdundo. Radi akawa anatazama dari na kutafuna kucha. Mama alifumba macho kama aliyesinzia. Ulipokwisha, akasema kwa mnong'ono, neno lake la kwanza tangu aingie.

"Baba, hizo ngoma zishushe kidogo. Zitameza maneno."

Masikio akatabasamu vile mtu anavyowatabasamia wazee, akazishusha kwa heshima tu, na akashangaa kusikia wimbo umepumua.

Hapo Radi akatoa masharti yake, yaleyale ya zamani ambayo fundi wa kwanza, sasa marehemu, aliyatii bila kuuliza. Taa za chumba cha kurekodia zizimwe. Pazia la kioo kinachotenganisha chumba hicho na cha mitambo lishushwe. Mama atakaa kwenye benchi la nje, ukumbini, na fundi asitoke kwenye mitambo yake mpaka agongewe.

Masikio akakubali yote. Ila alipofika mlangoni akashindwa kujizuia.

"Kaka, niambie ukweli. Bado ipo?"

Radi akatazama pembeni. "Tuombe Mungu. Wiki nzima ni kikohozi tu."

Masikio akajifungia, akashusha pazia, akavaa visikilizio. Alisikia mlango wa chumba cha kurekodia ukifunguka, hatua, kisha kipaza sauti kikilia kiiyk kwa kushushwa. Anaimba amekaa, akawaza, magoti yameshamwisha. Akaachia muziki. Gitaa zikaingia, ngoma zikaingia, ikafika zamu ya sauti. Kimya. Halafu kikohozi, kidogo, kikavu.

Akarudisha mwanzo. Gitaa, ngoma, zamu ya sauti. Kimya tena. Masikio akaiona santuri ikitoka na tundu katikati kubwa kuliko lililokusudiwa. Alikuwa ameshanyoosha kidole kuzima.

Ndipo ikaja.

Ilitoka chini ya sakafu, ikapanda na vumbi na misumari, ikamkwaruza uti wa mgongo kutoka kiunoni hadi kisogoni. Mshale wa kupimia sauti mtamboni ukalala kwenye wekundu ukakataa kuinuka. Kikombe cha chai kikatembea mezani chenyewe. Ilikuwa ileile ya redio ya kinyozi, ila imezeeka kama chuma kinavyozeeka, yaani imeongeza ukali. Ule mngurumo wa mwisho ukaendelea hata ngoma zilipochoka, mpaka Masikio akajikuta analia kama mtoto na anacheka.

Kusubiri kugongewa kukamshinda. Akavua visikilizio, akatoka mbio kwenda kumpigia magoti yule kibibi kwenye benchi, amshukuru kwa kuzaa koo la namna ile.

Kwenye benchi alikuwa amekaa Radi, kapakata mkoba wa kike na miwani ya kusomea, macho yamemtoka.

"Vipi, fundi," akanong'ona. "Ameiweza?"